Kutoka Kakuma hadi Port Adelaide: jinsi mchezaji kijana wa AFL anavyokua ndani na nje ya uwanja

Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, mwezi Septemba 1994. Mwaka 2021 jina lake lilisomwa katika kikosi cha All-Australian, orodha ya heshima ya wachezaji bora wa msimu katika AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka takriban 27, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuonyeshwa kwenye televisheni.

Makala haya yanahusu miaka hiyo isiyoonyeshwa. Yanaeleza ngazi anazopanda kijana anayetaka kuufanya mchezo huu kuwa kazi, mambo yanayomjenga au kumbomoa akiwa nje ya uwanja, na yale ambayo wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Australia wanafaa kuyajua kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Wengi wa wasikilizaji wetu walipitia Kakuma, Nyarugusu au kambi nyingine za Afrika Mashariki kabla ya kufika huku. Walikua na soka. Sasa watoto wao wanarudi kutoka shuleni wakiwa na mpira wenye umbo la yai, na mzazi hajui aanzie wapi kuuliza.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Timu mbili za wachezaji 18 kila moja hukutana katika uwanja wa duaradufu. Kila upande una nguzo 4. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya nguzo mbili ndefu za katikati bila kuguswa na mtu, hilo ni bao, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi, timu hupata pointi 1. Ni mwiko kuurusha mpira kwa mkono: mchezaji huuweka juu ya kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Anayekimbia nao sharti audundishe au auguse ardhi angalau mara moja kila mita 15. Na anayeudaka ukiwa hewani, baada ya kupigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi, hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa.

Kijana aliyelelewa na soka huja na pumzi na wepesi, lakini mguu wake humsaidia kidogo kuliko anavyodhani. Mpira huu huachiwa kutoka mkononi na kupigwa kabla haujafika chini, na ukishadunda hauna adabu: huenda unakotaka wenyewe. Urefu, mbio, mruko na jicho la kudaka ndivyo vinavyowavutia makocha mapema, na ndiyo maana vijana wengi wenye asili ya Afrika hufikia mchezo huu kwa kupitia mpira wa kikapu au riadha.

Ngazi za kupanda

Watoto wa shule ya msingi huanzia Auskick, mpango wa kitaifa wa mazoezi mepesi unaoendeshwa kwenye viwanja vya mitaa na mashule. Baada ya hapo mtoto hujiunga na timu ya vijana ya klabu ya mtaani. Klabu hizi si za biashara. Huendeshwa kwa ada za wanachama na kwa nguvu za wazazi wanaojitolea: mmoja hupeperusha bendera nyuma ya nguzo za bao, mwingine huandika alama, mwingine hukata machungwa ya mapumziko. Mgeni huenda asijue kwamba naye anatarajiwa kuingia zamu. Mzazi anayebaki ndani ya gari huku madirisha yamefungwa huonekana kama asiyejali, hata kama ametoka kazini usiku huo huo na macho hayafunguki.

Ada zinaweza kuilemea nyumba yenye watoto wanne au watano. Yapo majimbo yanayotoa vocha za michezo kwa familia zenye kipato kidogo. Western Australia, kwa mfano, ina mpango uitwao KidSport. Masharti na viwango hubadilika, hivyo ni vema kumuuliza katibu wa klabu kabla ya kulipa kuliko baada ya kulipa. Jambo jingine la kuuliza bila haya ni kibali cha kufanya kazi na watoto. Makocha na wasimamizi wa watoto hutakiwa na sheria za majimbo kuwa nacho, na swali hilo halimkosei mtu heshima.

Njia hubana kijana anapokaribia miaka 15 au 16. Katika jimbo la Victoria, wasaka vipaji huwachagua walio bora kwa ajili ya timu za Talent League, mashindano ya vijana yaliyokuwa yakiitwa TAC Cup hadi 2018. Timu kama Western Jets na Dandenong Stingrays zimepitisha vijana wengi kutoka vitongoji vyenye wahamiaji. South Australia na Western Australia hutegemea timu za vijana za klabu za ligi zao kongwe, SANFL na WAFL. Hapa mazoezi huwa ya jioni, mara kadhaa kwa juma, na uwanja huenda uko kilomita 30 kutoka nyumbani.

Ukitazama kwa makini, utagundua kwamba hapa ndipo vijana wengi wa jamii zetu hupotea, na hawapotei kwa kukosa kipaji. Baba yuko zamu, mama hajapata leseni ya udereva, basi la mwisho limeondoka saa mbili usiku. Kocha huona jina lisilohudhuria na kuandika kwamba kijana hana bidii. Hakuna aliyemwambia kuhusu basi. Familia nyingi zilizovuka ngazi hii zilivuka kwa sababu mzazi wa mchezaji mwingine alikubali kumpakia mtoto wao kwenye gari lake, na aghalabu alikubali kwa sababu aliombwa.

Tangu 2016 AFL imekuwa na akademia ziitwazo Next Generation, zinazoendeshwa na klabu kubwa kwa ajili ya vijana wa asili ya Waaborijini na Visiwa vya Torres Strait, na wale wa familia za wahamiaji. Faida yake ni mafunzo ya bure na macho ya wataalamu. Mzazi asidhani, hata hivyo, kwamba kijana aliyelelewa na akademia ya klabu fulani lazima ataichezea klabu hiyo. Mac Andrew, mwenye asili ya Sudan Kusini, alikuwa katika akademia ya Melbourne na kuichezea Dandenong Stingrays. Uteuzi wa mwaka 2021 ulipofika, Gold Coast ilimchukua akiwa chaguo la 5, na kanuni za wakati ule hazikuiruhusu Melbourne kumzuia. Kijana aliyekuwa amejiandaa kubaki katika jiji la nyumbani akapanda ndege kwenda Queensland.

Uteuzi huo, ambao wapenzi wa mchezo huuita drafti, hufanyika kila mwezi Novemba. Anayestahiki ni kijana anayetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka husika. Klabu hupokezana zamu za kuchagua, zile zilizofanya vibaya zikitangulia. Katika miaka ya karibuni majina 60 hadi 70 hivi ndiyo yaliyosomwa kwa nchi nzima. Kijana hachagui klabu. Klabu ndiyo inayomchagua, na akishachaguliwa hufungasha mizigo ndani ya siku chache. Mkataba wake wa kwanza kwa kawaida huwa wa miaka 2. Kwa walioitwa katika raundi ya kwanza, makubaliano ya kazi yaliyofikiwa mwaka 2023 yaliuongeza kuwa miaka 3.

Miaka ya Aliir

Turudi sasa kwa mtoto wa Kakuma. Wazazi wake walitoka katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto wa shule ya msingi, na familia ikaanza maisha mapya Brisbane, jiji ambalo mchezo wa ligi ya raga hutawala. Kandanda ya Australia aliianza akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, wakati wenzake wa Melbourne walikuwa na miaka minane au tisa ya Auskick na klabu za mitaa miguuni mwao.

Mwaka wake wa kwanza wa kustahiki ulikuwa 2012. Hakuchaguliwa. Kwa kijana wa miaka 18, usiku wa uteuzi unaopita bila jina lake kutajwa si jambo dogo. Ukoo mzima huwa umekusanyika, na simu kutoka ng'ambo hazikomi. Alihamia Perth kuichezea East Fremantle katika ligi ya WAFL, upande wa pili wa bara, na mwishoni mwa 2013 Sydney Swans wakamchukua akiwa chaguo la 44.

Kuchaguliwa hakukumfanya mchezaji wa ligi kuu. Misimu ya 2014 na 2015 ilipita yote bila yeye kucheza hata mechi moja ya kikosi cha kwanza. Alicheza katika timu ya akiba, mbele ya watazamaji wachache. Ni katika kipindi cha namna hii ambapo mwili wa kijana hugeuzwa: mchezaji wa miaka 19 hukabiliana na wanaume wa miaka 28 waliokwisha kukomaa mifupa, hivyo klabu humwongezea misuli kidogo kidogo, hupima umbali anaokimbia kila siku, na humpumzisha hata asipotaka. Kuharakisha huvunja. Kano ya mbele ya goti ikikatika, kwa kawaida mchezaji hukaa nje miezi 9 hadi 12.

Mwaka 2016 mlango ulifunguka. Aliir aliingia kikosi cha kwanza akiwa mlinzi na akabaki humo hadi mechi za mtoano. Katika nusu fainali dhidi ya Geelong aliumia goti. Sydney ilishinda siku hiyo na kuingia fainali kuu, naye akaikosa. Western Bulldogs wakaifunga Sydney na kutwaa kombe lao la kwanza tangu 1954. Mwaka uliofuata alicheza mechi chache tu za ligi kuu. Anayeitazama orodha ya takwimu leo huona mstari mfupi wa 2017 na kuupita. Kwa kijana mwenyewe, ule ulikuwa mwaka mzima wa kuamka asubuhi bila kujua kama kazi yake imekwisha.

Alirudi, akajijenga, na mwishoni mwa msimu wa 2020 akahamia Port Adelaide. Msimu wake wa kwanza huko ndio uliompa heshima ya All-Australian.

Hapa nina neno la mfasiri. Watangazaji wa Kiingereza huwaita vijana kama Aliir kwa kivumishi ambacho tafsiri yake ya moja kwa moja ni "mbichi", wakimaanisha kwamba kipaji kipo ila hakijaiva. Nimelifasiri neno hilo mara nyingi, na kila mara hunikwama. Kwa Kiswahili, mtu mbichi ni mtu asiyejua. Sasa tazama sifa iliyompa Aliir jina: ni mlinzi wa kukatiza. Humwacha mshambuliaji anayemkaba, hukimbilia mahali ambapo mpira bado haujafika, na kuudaka kabla ya aliyekusudiwa. Kazi hiyo haifanywi kwa mruko peke yake. Hufanywa na anayesoma mchezo sekunde mbili mbele ya wenzake, na kusoma kwa namna hiyo hakuzaliwi nako mtu. Alikupata katika ile misimu miwili ya timu ya akiba ambayo hakuna aliyeitazama. Mzazi akisikia mtoto wake akisifiwa kwa mwili tu, amuulize kocha swali moja: mnamfundisha nini kuhusu kusoma mchezo?

Nyumba, shule na fedha

Kijana aliyehamishiwa jimbo lingine mara nyingi hupewa familia mwenyeji katika mwaka wake wa kwanza. Hula mezani kwao, hulala chumba cha mtoto wao aliyekwisha kuhama, na hujifunza kupika, kufua na kulipa bili. Kila klabu ina msimamizi wa maendeleo ya wachezaji, ambaye kazi yake haihusu mpira: humtafutia kijana masomo, humpeleka benki, humsikiliza anapolia. Chama cha wachezaji wa AFL nacho hutoa ushauri wa kazi na elimu pamoja na huduma za afya ya akili kwa wanachama wake. Wazazi wasione aibu kuomba kukutana na msimamizi huyo siku ya kwanza. Mwambieni mtoto anakula nini na hali nini, anasali wapi, na nani apigiwe simu akiugua.

Dini haijawa kikwazo kwa wanaojieleza mapema. Bachar Houli, Mwislamu wa asili ya Lebanon, alichaguliwa na Essendon mwaka 2006, kisha akaichezea Richmond na kutwaa nayo makombe ya 2017, 2019 na 2020 huku akishika sala na saumu zake waziwazi. Viwanja vikubwa vya mchezo huu sasa vina vyumba vya kusalia. Ratiba ya mechi za vijana siku ya Jumapili asubuhi, inayogongana na ibada za Kikristo, bado ni mvutano katika nyumba nyingi, na kila familia huumaliza kwa namna yake. Linalosaidia ni kuzungumza na kocha mwanzoni mwa msimu badala ya kumfanya mtoto abebe uamuzi huo peke yake kila Jumamosi usiku.

Kuhusu shule, msimamo wetu ni ule wa wazee: amalize kidato cha 12. Haya si maneno ya kuogopa mchezo. Kazi ya mchezaji ni fupi, na wengi huachwa na klabu kabla ya kufika miaka 25. Klabu ya North Melbourne ina kituo kiitwacho The Huddle, kilichoanzishwa mwaka 2010, ambapo vijana wa familia za wahamiaji husaidiwa kazi za shule, na si lazima wawe wachezaji. Klabu iliyo tayari kuangalia ripoti ya shule ya mwanao inamtazama kama mtu. Isiyotaka kuiona, iulize kwa nini.

Wakala hutokea kijana anapoanza kuandikwa magazetini. Mawakala wa wachezaji wa AFL huidhinishwa na chama cha wachezaji, na orodha inaweza kuulizwa hapo chamani. Anayekuja nyumbani na mkataba wa lugha ngumu na kalamu tayari, asipewe chai ya haraka. Mwambieni aiache karatasi, itasomwa na mtu mwenye kuelewa sheria.

Kisha lipo jambo ambalo makocha wa Australia hawalioni kwa urahisi. Kijana wa kwetu akipata mshahara wa kwanza, haupokei peke yake. Kuna karo ya binamu huko Goma, kodi ya nyumba ya shangazi Nairobi, matibabu ya nyanya Bujumbura. Kusaidia ndugu ni utu wetu na hakuna sababu ya kuuficha. Lakini kijana wa miaka 19 aliye timu ya akiba, mwenye goti lililofungwa bandeji na mkataba unaokwisha Oktoba, akiwa yeye ndiye tegemeo la watu 12, hawezi kumwambia daktari ukweli kuhusu maumivu yake. Atacheza akiumia. Wazazi ndio wanaoweza kumwekea kiasi: hiki cha nyumbani, hiki chako, hiki cha siku utakapoacha mpira. Akiwekewa na mama yake, jamaa hawamlaumu yeye.

Wasichana

Ligi ya wanawake, AFLW, ilianza mwaka 2017, na katika msimu huo wa kwanza Fremantle ilikuwa na Akec Makur Chuot, mzaliwa wa Sudan aliyepitia Kakuma na kufika Perth mwaka 2005. Baadaye aliichezea Richmond, kisha Hawthorn. Ngazi za wasichana ni changa zaidi, malipo ni madogo kuliko ya wanaume, na wachezaji wengi huchanganya mchezo na kazi au masomo. Zipo familia zinazosita kwa sababu ya mavazi na migongano ya miili. Mavazi huzungumzika, wapo wasichana wanaocheza na hijabu na mikono mirefu katika klabu za mitaa.

Kichwa na moyo

Kuna jeraha ambalo halionekani, nalo ni mtikisiko wa ubongo. Hapa tunarudi kwa Aliir kwa mara nyingine. Mwezi Julai 2023, katika mechi dhidi ya mahasimu wao wa jiji, Adelaide Crows, aligongana vichwa na mchezaji mwenzake. Alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kilichotakiwa na kanuni. AFL iliitoza Port Adelaide faini ya dola 100,000, sehemu yake ikiahirishwa. Kama jambo hilo liliweza kutokea katika ligi kuu, penye madaktari pembeni na kamera kila kona, mzazi wa mchezaji wa vijana ana haki ya kuwa na wasiwasi Jumapili asubuhi ambapo msaidizi wa kwanza ni baba wa mtu mwenye begi la plasta.

Katika ligi kuu, mchezaji aliyethibitika kupata mtikisiko hawezi kucheza kabla ya siku ya 12, na hata hapo sharti apite hatua zote za uchunguzi. Katika klabu za mitaa na za vijana, mwongozo wa AFL tangu 2024 unataka kipindi kisichopungua siku 21. Dalili ni pamoja na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutokumbuka, kusinzia kusiko kwa kawaida, na hasira isiyo na sababu, nazo zinaweza kuchelewa kuonekana hadi siku ya pili. Mtoto akisema hana neno kwa sababu Jumamosi ijayo ni nusu fainali, neno lake lisiwe la mwisho. Aende kwa daktari.

Moyo nao huumia. Majak Daw alizaliwa Khartoum mwaka 1991, akaishi Misri na familia yake, akafika Melbourne mwaka 2003. Alipoichezea North Melbourne kwa mara ya kwanza mwaka 2013, akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza AFL, na mpigo wake wa kwanza kwa mguu ukawa bao. Jamii nzima ilipanda naye mabegani. Mwezi Desemba 2018 alilazwa hospitalini akiwa na majeraha makubwa ya nyonga, na baadaye alieleza hadharani kwamba alikuwa amelemewa kiakili. Alifanyiwa upasuaji, akajifunza upya kutembea, na mwaka 2020 akacheza tena katika ligi kuu. Tangu hapo amekuwa akizungumza na vijana kuhusu kuomba msaada. Katika jamii ambazo mwanamume huambiwa ajikaze, ushuhuda wake umefika mahali ambapo vipeperushi vya hospitali havifiki.

Mzigo wa kuwa wa kwanza haupimwi na mashine yoyote ya klabu. Ukichanganyika na matusi, huzidi. Mwaka 2011 Daw alitukanwa kwa rangi yake na mtazamaji alipokuwa akiichezea Werribee katika ligi ya Victoria. AFL ina kanuni dhidi ya matusi ya rangi na dini tangu 1995, baada ya Michael Long, mchezaji Mwaborijini wa Essendon, kukataa kunyamaza alipotukanwa uwanjani. Kanuni peke yake haikutosha. Héritier Lumumba, mwenye asili ya Kongo na Brazil, aliichezea Collingwood kwa miaka 10 na kutwaa nayo kombe la 2010. Alilalamika kuhusu ubaguzi ndani ya klabu na kwa muda mrefu hakusikilizwa. Ripoti huru iliyotoka mwaka 2021 ilikuta kwamba ubaguzi ulikuwa umejikita katika mfumo wa klabu hiyo.

Mtoto akitukanwa katika mechi ya mtaani, andikeni siku hiyo hiyo: tarehe, uwanja, timu, maneno yaliyotumika na nani aliyasikia. Pelekeni kwa klabu yenu na kwa ligi ya eneo. Maandishi hushughulikiwa, lalamiko la mdomo kwenye maegesho ya magari husahaulika kabla gari halijawaka.

Wasiochaguliwa

Wengi hawachaguliwi, na kwao maisha ya mchezo hayakomi. Ligi za majimbo hulipa kiasi fulani, na klabu za miji midogo huwatafuta wachezaji wazuri, wakati mwingine kwa kuwasaidia kupata kazi na nyumba. Aliir mwenyewe alichaguliwa katika jaribio la pili, akitokea ligi ya jimbo. Kuna pia uamuzi, uganga wa michezo, ukocha na usimamizi. Kijana aliyetumia miaka mitatu katika mazoezi ya jioni amejifunza kufika kwa wakati, kupokea lawama mbele ya watu na kulala mapema. Mwajiri yeyote huzithamini sifa hizo, ila lazima aelezwe kwenye barua ya maombi.

Kwa wanaohitaji msaada: Lifeline hupatikana saa 24 kwa namba 13 11 14, na Kids Helpline, kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 25, ni 1800 55 1800. Katika dharura piga 000. Mzazi anayetaka kuzungumza na klabu, shule au daktari kwa Kiswahili anaweza kupiga simu kwa huduma ya kitaifa ya ukalimani, 131 450, akataja lugha yake na kuomba aunganishwe.